Ndugu Anayekuumiza Ameshika Nini?

Ukikaa hosteli muda wa kutosha utagundua kwamba kuhusu ndugu wakorofi tunapeana ushauri wa aina mbili tu. Wa kwanza tumetoka nao nyumbani: vumilia, damu ni nzito kuliko maji, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wa pili tunaukuta kwenye simu, kwenye zile video za dakika moja ambazo msemaji amekaa ndani ya gari lililoegeshwa: watu sumu wakate, wafungie namba, linda amani yako. Likizo ikikaribia utawaona wenzetu wengine wamenyamaza ghafla. Wengine tunafunga mabegi tukiimba, wao wanauliza kama hosteli itaruhusu watu kubaki.

Makala hii nawaandikia hao. Na kwa kuwa wengi wetu tutakuwa walimu, nawaandikia pia wale ambao nyumbani kwao ni shwari, maana darasani watakutana na watoto ambao kwao si shwari.

Mimi ni mtu wa Karatu. Mji wetu ni wa barabarani. Magari ya watalii yanapita kuelekea lango la Lodoare na kreta ya Ngorongoro, yanalala usiku mmoja, yanaondoka. Sisi tunaobaki tunaishi kwa shamba: mahindi, ngano, maharage, mbaazi, na kule bondeni Mang'ola, vitunguu. Baba alikuwa Mwiraqw wa ukoo mkubwa. Mama ni Mnyaturu kutoka Singida. Kwa lugha ya shangazi zangu, mama ni "wa kuja". Amekuja miaka 25 iliyopita, amezaa watoto wanne, amemzika mume, na bado ni wa kuja.

Ushauri wa kukata ndugu haukutengenezwa kwa mahali kama kwetu. Ukiugua ukiwa Karatu, atakayekubeba kwenye pikipiki usiku ni mtoto wa baba mdogo. Ukichumbiwa, wageni watapokelewa na baba wadogo. Ukifiwa, watakaochimba kaburi ni haohao walioandika maneno mabaya kwenye grupu la ukoo wiki iliyopita, na watachimba vizuri kabisa. Huwezi kumfungia namba mtu ambaye nyumba yake unaiona ukisimama mlangoni kwenu.

Ushauri wa kuvumilia nao una shida yake. Anayeambiwa avumilie siku zote ni yule yule. Sijawahi kusikia kikao cha ukoo kikimwambia mwenye mdomo mkali ajifunze kuvumilia kukaa kimya. Wanaoambiwa hivyo ni mjane, mtoto wa nje, yatima anayelelewa, mke aliyetoka kabila lingine.

Kati ya hayo mawili nimepata swali moja ambalo limenisaidia kuliko yote, nami nimelijifunza kwa mama, ambaye aliishia darasa la saba. Swali lenyewe ni hili: huyu ndugu anayekuumiza, ameshika nini?

Nieleze lilikotokea. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Baba mdogo ndiye aliyesimamia kila kitu: jeneza, gari, chakula cha waombolezaji, cheti cha kifo. Hilo sitalikana hata siku moja, alimzika kaka yake kwa heshima. Lakini baada ya matanga mambo yakaanza kubadilika kidogo kidogo. Shamba letu ni ekari tatu. Msimu wa kwanza akalima ekari moja, akisema anamsaidia shemeji yake. Msimu wa pili akalima mbili, akisema anaitunzia ukoo. Mama akiuliza anajibiwa kwa maneno ambayo hayakuhusu shamba kabisa: kwamba alimchosha kaka yao, kwamba watu wa kwao wana mambo yao, kwamba anasomesha mtoto wa kike atakayekwenda kuwajenga watu wengine. Shangazi mmoja alisema mbele yetu sote, tukiwa tunapukuchua mahindi, kwamba kaka yake angekuwa hai kama angeoa nyumbani. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka sita. Aliniuliza usiku kama ni kweli mama alimuua baba.

Nadhani mwanachuo yeyote aliyepitia hali ya namna hiyo anajua kinachofuata. Unaanza kuyajibu yale maneno kichwani. Unayajibu bafuni, kwenye basi, kwenye chumba cha mtihani. Unapanga hotuba ambayo siku moja utaitoa mbele ya ukoo mzima. Nguvu zote zinaishia kwenye maneno, na maneno hayaishi.

Mama hakuwa anajibu. Nilidhani ni woga. Siku moja, nilipokuwa najiandaa kuomba mkopo wa chuo baada ya kidato cha sita, ndipo nilipomwelewa. Mwombaji aliyefiwa na mzazi anatakiwa kuwa na cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, na cheti cha baba kilikuwa kabatini kwa baba mdogo. Nilikwenda kukiomba. Akasema nitakipata mama akiweka sahihi karatasi ya shamba. Nilirudi nyumbani nikilia, nikaanza kumweleza mama maneno yote niliyoambiwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Hayo ni maneno. Yeye ameshika nini?" Nikasema cheti. Akasema, "Basi tutafute cheti."

Tukaenda wilayani. Kumbe vifo vinaandikwa kwenye daftari la serikali, na cheti kikipotea au kikiwa mahali usipoweza kukifikia, unaweza kuomba nakala kwa msajili. Tulitumia siku tatu za kwenda na kurudi, tukalipa ada, tukapata. Baba mdogo alikuwa ameshika karatasi, lakini kifo cha baba yangu hakikuwa mali yake.

Siku ile nilijifunza kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya ndugu anayekuumiza haitoki kwenye ulimi wake. Inatoka kwenye kitu alichokishika na wewe unakihitaji: cheti, shamba, ada, kitanda cha kulala ukiwa shule, sahihi ya mdhamini, jina la ukoo. Maneno yake yanauma zaidi kwa sababu huwezi kuondoka. Mtu baki akikutukana sokoni Karatu unapita zako. Ndugu akikutukana unabaki umesimama, kwa kuwa kitu chako kiko mkononi mwake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchukua karatasi na kuandika vitu vyote alivyoshika. Kisha uvigawe: vipi ninaweza kuvipata mahali pengine, vipi vina njia ya sheria, na vipi ni yeye peke yake anaweza kunipa. Nafahamu inasikika kama mambo ya ofisini, lakini jaribu. Mara nyingi orodha ya kwanza inakuwa ndefu kuliko ulivyodhani.

Shamba lilikuwa kwenye kundi la pili, la sheria, na hapa lazima nimshukuru mwenzangu wa chumbani anayesoma sheria. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kanuni za mila za urithi zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 ziliwapanga warithi kwa madaraja matatu: mtoto wa kwanza wa kiume juu, wengine wa kiume wanamfuata, binti daraja la tatu na la mwisho. Ardhi ya ukoo binti anaruhusiwa kuitumia, si kuiuza. Nilicheka niliposikia, maana nilikuwa nimeishi miaka yote bila kujua kwamba daraja langu lina namba.

Akanisimulia pia kesi ya Holaria Pastory wa Muleba, mkoani Kagera. Mwanamke huyu aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Alipozeeka, akiwa hana wa kumtunza, aliliuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu, tarehe 25, mpwa wake Bernardo Ephrahim akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo akidai kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ikakataa. Mpwa akakata rufaa, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba wanawake wana haki ya kurithi na kuuza ardhi sawa na wanaume, kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Kama mpwa anaitaka ardhi ya ukoo, basi airudishe kwa kulipa zile 300,000. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaandika wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu.

Ninachokumbuka zaidi kwenye kesi ile ni zile tarehe mbili. Ukoo haukuonekana wakati bibi yule anazeeka bila mtunzaji. Ulipoguswa udongo, ukaonekana ndani ya siku moja. Ukitaka kujua ndugu ameshika nini, angalia ni kitu gani kinamfanya aje haraka.

Mama hakwenda mahakamani kugombana. Alikwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, jambo ambalo miaka yote tuliambiwa halina haja. Kule akaelekezwa alete muhtasari wa kikao cha ukoo cha kupendekeza msimamizi. Ndipo kikao kilipoitishwa, tena kwa karatasi ya mahakama, si kwa kilio cha mjane. Mama akaomba mzee mmoja jirani, wa ukoo mwingine, akae kama shahidi. Sisi watoto tunamwita Aako, babu, ingawa si wetu kwa damu. Aako yule hakuhutubia. Kila mtu alipoanza habari za nani alimchosha nani, yeye aliuliza tu, "Hilo tuliandike?" Na mtu akijua maneno yake yataandikwa na atatia sahihi chini yake, anayapunguza mwenyewe. Nimeshuhudia kwa macho yangu shangazi akimeza sentensi nusu.

Mwisho wake haukuwa wa kwenye sinema. Mama na baba mdogo walipendekezwa kuwa wasimamizi kwa pamoja, na Aako akawakumbusha wote kwamba msimamizi si mrithi: kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Mama na sisi tukabaki na ekari mbili. Ekari moja baba mdogo aliendelea kuilima. Kwangu mimi hiyo ekari moja bado inauma. Mama alisema mbili zenye karatasi zinamtosha kuliko tatu za kugombania. Mwezi uliofuata tukapanda katani mpakani, mstari mzima, kama watu wanavyofanya kwetu.

Nimefikiri sana kuhusu ule mstari wa katani. Siku hizi watu wanazungumzia mipaka kana kwamba mpaka ni ukuta. Mpaka wa shamba hauko hivyo. Baba mdogo anausogelea akiwa upande wake, mama akiwa wake, wanasalimiana, wanaulizana habari za mvua. Tangu katani zimeota salamu zao zimekuwa ndefu kuliko zamani, maana hakuna tena anayemwangalia mwenzake akihesabu hatua.

Ndipo na mimi nikaweka wangu, hasa kwenye pesa. Wanaopokea bumu wananielewa. Nyumbani wanasikia umeingiziwa laki sita na kitu, wanadhani umeajiriwa. Nilikaa na mama nikampigia hesabu, naye akampelekea shangazi hesabu ileile: fedha ya kujikimu ni shilingi 10,000 kwa siku, inakuja kwa mkupuo wa siku 60 hivi, ni ya chakula na malazi, na ni mkopo nitakaoulipa. Baada ya hapo nikasema msimamo wangu kwenye grupu la ukoo mara moja tu, kwa adabu: msiba na ugonjwa nitachangia kila mara, hata kama ni elfu tano. Kipaimara, sendofu na harusi nitachangia nikipata kazi. Shangazi aliandika kwamba wasomi wa siku hizi wana roho ngumu. Sikujibu. Nimezima mlio wa grupu lile, lakini sijajitoa, kwa kuwa taarifa za misiba zinapita humo. Msiba uliofuata nilituma elfu tano siku ileile. Wa pili pia. Sasa hivi hakuna anayeniuliza kuhusu harusi.

Si kila kilichoshikwa kina msajili au mahakama, lakini. Rafiki yangu mmoja tunayesoma naye ni Mmaasai wa upande wa Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1959 ikiwa na mpango wa watu, mifugo na wanyamapori kuishi pamoja. Juni 2022 ndipo zilipoanza safari za kuhamia Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, ambako serikali iliwajengea wanaohama nyumba na kuwapa maeneo ya kulima. Baba yake mkubwa alijiandikisha akahama. Baba yake akabaki. Mnayajua mabishano ya jambo hili kitaifa, sitayarudia hapa. Mimi nazungumzia yaliyotokea ndani ya boma moja. Aliyehama akaitwa msaliti aliyeuza makaburi ya wazee. Aliyebaki akaitwa mbishi anayewanyima watoto maendeleo. Maneno ya namna hiyo yakishatoka kati ya ndugu wawili, yanawafikia watoto kama urithi.

Nikamwuliza rafiki yangu lile swali la mama. Akafikiri, akasema baba mkubwa hajashika kitu chake chochote cha kugawa. Alichoshika ni kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kuchunga. Alikuwa anatembea nyuma yake tangu ana miaka mitano. Kitu cha namna hiyo hukipati wilayani.

Anachofanya ni hiki. Kila Jumapili jioni anampigia baba mkubwa simu. Wanaongea habari za mvua, nyasi, bei ya ng'ombe mnadani, ndama yupi amezaliwa na ana rangi gani. Habari za nani alihama na nani alibaki hawazigusi. Baba mkubwa akianza, yeye anauliza kuhusu ng'ombe. Mwanzoni simu zilikuwa za dakika mbili. Sasa zinafika robo saa. Anasema siku moja watalizungumza, au hawatalizungumza kamwe, lakini hataki siku hiyo ikifika wawe hawajui tena sauti za wenzao. Waswahili wana methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Wengi wanaielewa kwamba usiingilie ugomvi wa ndugu. Mimi nikimwangalia rafiki yangu naiona kwa upande wa pili: wakati ugomvi haujaisha, kuna kazi ya kufanya shambani, na mvua haisubiri mpatane.

Swali hili nimelipeleka mpaka darasani. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja wilayani kwetu, kulikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyelala karibu kila kipindi cha kwanza. Kwenye chumba cha walimu alishapewa jina, mzembe. Nilimwita baada ya kipindi, na badala ya kumwuliza kwa nini analala, nikamwuliza anaishi na nani. Anaishi kwa shangazi, kwao ni mbali, huko Eyasi. Anaamka saa kumi usiku kuchota maji, kuandaa chai, kuwaandaa watoto wadogo, ndipo aje shule. Akichelewa chai anaambiwa arudi kwao akachunge. Sasa, shangazi ameshika nini? Kitanda karibu na shule. Mtoto yule hana pa kukipata pengine kwa muhula ule, na kumwambia amkatae shangazi ni kumwambia aache shule.

Nilimwona mwalimu wa malezi, naye akamwita shangazi shuleni. Hakumwita kwa kumshitaki. Alimwonyesha daftari la maendeleo na kumwuliza wasaidianeje. Yule mama alikuwa anauza mboga tangu alfajiri, mume hayupo. Naye alikuwa amechoka. Walikubaliana maji yachotwe jioni. Sikumbuki kama chai ilibadilika. Ila kipindi cha kwanza binti akawa macho siku nyingi kuliko alizolala, na jina la mzembe likaanza kusahaulika. Tukienda kufundisha, tukumbuke kwamba mtoto anayelala darasani huenda anakilipia kitanda.

Kuna mahali ambapo haya yote hayafanyi kazi, na hapo sitaki mtu anielewe vibaya. Kama ndugu anakupiga, anakushika mwili, anakutishia maisha, usikae kuandika orodha. Hakuna kikao cha ukoo wala Aako wa kushuhudia. Hilo ni la dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, na kwa mtoto kuna simu ya 116, ambayo ni bure. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia wenzetu hapa chuoni wakieleza mambo ya jinai kwa sauti ya "basi tu, ni anko". Mambo hayo hayamalizwi na katani mpakani. Unaondoka kwanza, orodha utaiandika ukiwa salama.

Turudi kwenye lile kundi la tatu kwenye karatasi yangu, la vitu ambavyo ni yeye peke yake anaweza kunipa. Nilipomaliza kutoa cheti, shamba na pesa, kwa baba mdogo kilibaki kitu kimoja. Babu na bibi walishafariki. Yeye ndiye mtu pekee aliye hai aliyelala kitanda kimoja na baba yangu wakiwa watoto. Mimi nilimpoteza baba kabla sijawa na akili ya kumwuliza maswali. Kila kinachojulikana kuhusu baba akiwa na miaka kumi kiko kichwani mwa mtu huyu mwenye mdomo mkali, na akifa kimekwisha. Hakuna nakala.

Likizo iliyopita nilimkuta mpakani anapalilia mbaazi. Nikamwamkia, nikaokota jembe la pili, nikapalilia naye upande wake mpaka jua lilipokaribia kuzama. Nikamwuliza, "Baba mdogo, baba alikuwa anapenda shule?" Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilidhani hajasikia. Kisha akasema baba alikuwa anambeba mgongoni kuvuka korongo wakati wa masika, maana yeye alikuwa mdogo na maji yalikuwa yanamfika kifuani, na kwamba siku moja walianguka wote wawili, madaftari yakaenda na maji, wakachapwa nyumbani na wakachapwa shuleni. Alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka tangu msiba. Akaniangalia, akasema, "Hata jembe unashika kama yeye, mkono wa kushoto mbele."

Nilikuwa sijui kwamba baba alishika jembe hivyo.

Jioni ileile alitukaribisha kula makande kwake. Mbele ya watu wote akarudia yale ya watoto wa kike na chuo, kwamba ni kulima shamba la jirani. Nilimsikia vizuri. Niliona ndugu wengine wakinitazama kama nitajibu. Nikamaliza makande yangu, nikamshukuru mke wake, nikaaga kwa heshima, nikapita kwenye katani kurudi kwa mama. Njiani nilikuwa nabadilisha mikono kwenye fimbo niliyookota, kulia mbele, kushoto mbele, nikitaka kujua ni upi unakuja wenyewe.